Umechora We, Lakini Ni Ya Nani?

Simama tao jioni, pale mat za Eastlando zinashukishia watu, ucheki nganya mpya ikiingia. Kabla uskie ngoma ushaona sura. Msanii amechorwa mlango mzima, rangi imepulizwa fiti hadi hata giza ikiingia bado inaongea. Wasee wanatoa simu, wanapiga picha, picha zinaenda TikTok, na kesho kuna mtu Gikosh anauza tisheti ziko na hiyo mchoro. Mwenye nganya anajaza gari. Dere na konda wanajulikana hadi na watoi wa shule. Na yule morio alishinda gereji siku mingi akipuliza rangi, jina lake halijulikani nje ya base yao.

Sasa, huo mchoro ni wa nani?

Uliza hiyo swali kwa base yoyote, jibu huwa moja: ni wa mchoraji, si ndio alichora. Hiyo jibu iko na haki ndani yake na natamani ndio ingekuwa sheria. Lakini hapa Kenya, kama mchoraji na mwenye gari hawakubonga kuhusu hiyo maneno kabla ya kazi, sheria inampatia mwenye gari. Na vijana wengi sana wa hii tao wanaishi kwa kazi za kuagizwa: logo, video za harusi, biti, kava za ngoma, michoro za ukuta, vitambulisho vya redio, tovuti. Wanatuma kazi, wanalipwa au hawalipwi, na hawajui kenye kimeondoka pamoja na hiyo faili. Ndio maana nataka tuskizane hii kitu polepole.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaanza poa. Inasema kazi yako ikishatoka kwa kichwa ikashikika mahali, iwe ni karatasi, ukuta, laptop ama sauti umerekodi na simu, na kama ni jasho yako hujanakili mtu, hakimiliki inazaliwa hapo hapo. Hakuna fomu. Hakuna muhuri. Hulipi mtu chochote. Na kwa maandishi, wimbo ama mchoro, haki yenyewe ni ndefu: maisha yako yote, alafu miaka 50 kuhesabu kutoka mwisho wa mwaka wenye umekufa. Watoi wako na hata wajukuu wanaweza kula kwa ngoma umeandika leo ukiwa kwa bedsita Umoja.

Alafu kuna kifungu cha 31. Kisome mara mbili, juu ndio kimebeba kila kitu. Kinasema hakimiliki inaanza na mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwenye si mdosi wako wa kuandikwa, ama umeifanya ukiwa job yenye umeandikwa, basi hiyo haki inahesabiwa imehamia kwa yule aliagiza ama kwa mdosi. Yaani hauhitaji kusaini kitu ndio uipoteze. Ukinyamaza tu, imeenda.

Kuna nchi zimeamua tofauti. Uingereza, dizaina wa kujitegemea anabaki na hakimiliki yake hadi asaini karatasi ya kuitoa, na kastoma anapata tu ruhusa ya kutumia kazi vile walielewana. Kwetu imepinduliwa. Na cheki hii: hicho kifungu hakisemi haki itahama kastoma akishamaliza kulipa. Kinaongea kuhusu kuagiza. Msee anaweza kukuagiza logo, akulipe nusu, ahepe na blue tiki, na akuambie mahakamani kuwa logo ni yake, wewe unamdai tu salio. Hiyo inaniuma kuliko kitu ingine yote kwa hii sheria, juu watu wenye inawagonga ndio wale hawana wakili.

Lakini kifungu hicho hicho kimeacha mlango wazi. Kinamalizia kwa kusema hayo yote yanafuata makubaliano yenye hawa watu wawili wameweka ya kuzuia ama kupunguza huko kuhama. Hapo ndio kijana anafaa kuingilia. Makubaliano. Si lazima iwe karatasi ya wakili wa Upper Hill yenye mihuri. Ni maneno yenye mmekubaliana kabla ya kazi kuanza, na ushahidi kuwa mlikubaliana. Korti za Kenya zinapokea rekodi za kielektroniki kama ushahidi zikiletwa kwa njia yenye sheria inataka, kwa hivyo hata chati ya WhatsApp yenye kastoma amejibu "sawa, nimekubali" iko na uzito. Barua pepe ni poa zaidi. Karatasi yenye imesainiwa na nyinyi wawili ndio bora kabisa. Kile hakisaidii ni kubonga kwa simu na kushikana mikono.

Na kama makubaliano ni ya kumuuzia mtu haki mazima, ama kumpa ruhusa ya peke yake yenye hakuna mtu mwingine atapewa, sheria inataka iwe kwa maandishi na imesainiwa. Ruhusa ya kawaida, ile unaweza kupatia hata watu kumi, inaweza kutolewa kwa mdomo ama ionekane tu kwa vile mnafanya vitu. Ukimtumia rapa biti, ukamwona akiipiga kwa shoo na ukanyamaza, baadaye ni ngumu kusema hukumruhusu.

Kuna haki mbili haziondoki na mtu. Kifungu cha 32 kinakuachia haki ya kutajwa kuwa wewe ndio mtunzi, na haki ya kukataa kazi yako ikiharibiwa hadi ikuvunjie heshima. Hizo ni zako ukiwa hai, hata kama hakimiliki ilishauzwa. Kwa hivyo yule morio wa nganya, hata kama mchoro ni wa mwenye gari, anaweza kudai jina lake lionekane. Mchoraji wa kweli anafaa kusaini kazi yake kwa kona penye rangi haitafunikwa, na aweke kwa makubaliano kuwa hiyo saini haifutwi.

Twende studio, juu huko ndio ngori ziko mingi.

Ngoma moja iko na vitu viwili ndani yake. Kuna wimbo wenyewe: maneno, melodi, vile biti imepangwa. Alafu kuna rekodi, ile sauti imenaswa, wasanii wanaiita masta. Hizo ni haki mbili tofauti na zinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Kwa rekodi, sheria yetu inamhesabu mtunzi kuwa mtu alifanya mipango ya kurekodi. Si lazima awe ameimba. Si lazima ata awe amegusa kibodi. Ule msee aliita kikao, akalipia masaa ya studio, akapanga nani anakam saa ngapi, anaweza kusimama aseme masta ni yake. Mbogi ya wasee wanne wakirekodi kwa studio ya prodyuza wa mtaa, bila kulipa, kwa kusema tutagawana ikishika, hapo hakuna mtu anajua nani alifanya mipango. Ngoma ikikosa kushika, hakuna shida. Shida inakam ikilipuka.

Na ikilipuka ndio kila mtu anakumbuka mchango wake. Dawa yake ni karatasi moja ya kugawana, yenye mnaandika siku ile ile ya kurekodi kabla mtu aende keja: jina la ngoma, tarehe, nani aliandika maneno asilimia ngapi, nani alitengeneza biti asilimia ngapi, masta ni ya nani. Kila mtu anasaini, kila mtu anapiga picha. Ukiona mtu anakataa kuongelea asilimia siku ya kwanza, mkiwa bado marafiki na hakuna hata soo imeingia, jua vile itakuwa pesa ikikam.

Februari 2020 tuliona vile biti inaweza kuangusha ngoma kubwa. Ngoma ya Tanasha Donna na Diamond Platnumz, "Gere", ilitolewa YouTube baada ya prodyuza Magix Enga kulalamika kuwa kazi yake imetumika. Diamond ndio huyo, na watu wake wote, lakini malalamiko ya prodyuza mmoja wa Nairobi yakaangusha video kwanza, ndio baadaye ikarudi. Hiyo nguvu kila mtunzi ako nayo. Marekebisho ya sheria ya 2019 hata yaliweka hapa Kenya utaratibu wa kutuma notisi kwa kampuni za intaneti watoe kazi yenye imewekwa bila ruhusa. Lakini notisi inataka uonyeshe ni yako. Hapo ndio faili za mradi zinasaidia: ile sesheni iko na tarehe, stemu zote, matoleo ya kwanza yenye bado hayajaiva. Usifute. Weka kwa diski mbili, na moja isikae kwa keja yako.

Mei 2022, wakati wa kampeni za uchaguzi, bendi ya Sauti Sol walitoa taarifa wakisema muungano wa Azimio wametumia ngoma yao "Extravaganza" kwa hafla ya kisiasa bila kuwauliza. Watu wengi mtaani walishangaa, juu walikuwa wanajua ukinunua ngoma ama ukilipia leseni ya kucheza muziki umemaliza. Zi. Kupiga ngoma kwa ukumbi ni ruhusa moja. Kuishika na picha, iwe tangazo, filamu ama video ya kampeni, ni ruhusa ingine, na hiyo inaombwa kwa mwenye ngoma na bei mnaongea. Msanii mchanga akijua hiyo tofauti, tangazo moja linaweza kumlipa kuliko mwaka mzima wa shoo za klabu.

Kuhusu pesa za kukusanywa ngoma zikichezwa hadharani, kuna vyama. MCSK imekuwa ya watunzi na wachapishaji wa nyimbo, KAMP ya wenye rekodi, PRISK ya wenye wameimba na kupiga vyombo. Msee mmoja anaweza kudai kwa njia zote tatu kama alitunga, akalipia rekodi na akaimba, na wengi hawajui hivyo, wanajiandikisha mahali moja wanakaa. Leseni za hivi vyama zinatolewa na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na zimekuwa na vita ya miaka mingi, kwa hivyo kabla ujiandikishe uliza KECOBO nani ako na leseni sai. Na milio ya simu ni hesabu yake. Marekebisho ya 2019 yalisema msanii asipate chini ya 52% ya mapato ya mlio. Hiyo hesabu imevutaniwa tena baadaye, lakini cheki kenye kilifanyika: wasanii walipiga kelele bungeni hadi namba ikaandikwa kwa sheria. Hiyo namba haikuanguka kutoka juu.

Sasa tuingie kwa wale wa kuunda vitu. Na hapa kuna story moja inafaa kupumzishwa.

Kila campus, kila base, kuna msee atakuambia M-Pesa iliundwa na mwanafunzi fulani alafu akaporwa. Kile kinajulikana ni kuwa mradi ulisukumwa ndani ya Vodafone na Nick Hughes, Susie Lonie akaja kuujenga hapa na timu ya Safaricom, serikali ya Uingereza ikachangia doo za kuanza, na huduma ikazinduliwa Machi 2007. Lakini tuseme kulikuwa na mwanafunzi amelala hostel akafikiria watu wanaweza kutumiana pesa na simu. Bado hangekuwa na kesi. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda vile wazo limetolewa: maneno yenyewe, mchoro wenyewe, kodi ya programu yenyewe. Na Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu cha 21, inasema wazi kuwa njia za kufanya biashara hazipewi hataza, yaani patent. Wazo la biashara likitoka kwa mdomo wako kwa kikao, limeenda.

Kwa hivyo ukiitwa na kampuni kubwa uwaonyeshe kitu, hakimiliki haitakuokoa. Kenye kinaweza kukuokoa ni mkataba wa kuweka siri, usainiwe kabla uwashe laptop. Kampuni zingine zitakataa kusaini. Sawa, basi unawaonyesha kenye inafanya, huwaonyeshi vile inafanya. Na zile mashindano za vijana kuunda programu wikendi moja, zawadi laki moja na tisheti, soma masharti yote hadi mwisho kabla ubonyeze kukubali. Kuna zenye zinaandika kuwa kila kitu kitaletwa pale ni cha waandaaji. Ukiona hiyo mstari, peleka mradi mwingine, ile yako ya ukweli iache keja.

Kama umeunda kitu cha kushikika, mashine, kifaa, njia mpya ya kutengeneza dawa ya viatu, hapo ndio hataza inaingia. KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, ndio ofisi yenyewe, iko South C kwa Popo Road, na wasee wa pale watakujibu ukiuliza maswali. Hataza inadumu miaka 20 kutoka siku ya kuweka ombi, na inataka vitu tatu: kitu kiwe kipya dunia nzima, kiwe na hatua ya ubunifu yenye fundi wa kawaida hangeifikia kirahisi, na kiwe kinaweza kutengenezwa ama kutumika kwa viwanda. Hiyo ya pili ndio inachuja wengi. Lakini kuna mlango wa pembeni wenye fundi wa jua kali anafaa kujua: hataza ndogo, ile sheria inaita modeli ya matumizi. Hiyo haiulizi hatua ya ubunifu. Inauliza tu kama ni mpya na kama inaweza kutengenezwa. Inadumu miaka 10, haiongezwi. Msee wa Kamukunji amepinda mashine ya kukata viazi ikawa inakata haraka bila kukata vidole, hiyo ndio mahali yake. Na kama kipya ni sura tu ya kitu, umbo la kiti ama chupa, basi ni muundo wa viwanda: miaka 5, unaongeza mara mbili, inafika 15.

Adui mkubwa wa hataza ni simu yako. Neno "mpya" linamaanisha hakuna mtu amekiona hadharani kabla uweke ombi, na hiyo inakuhesabu hadi wewe mwenyewe. Ukiposti video ya mashine yako ikifanya kazi, umeitoa hadharani. Kenya inakupea miezi 12 kutoka siku ulikifichua ndio uweke ombi. Nchi nyingi za Ulaya hazikupei hiyo nafasi kwa hataza. Kijana akiposti leo ndio apate likes, anaweza kuwa amefunga soko ya Ujerumani milele bila kujua. Weka ombi kwanza, posti baadaye. Na ukishaweka ombi Kenya, uko na miezi 12 ya kuweka nchi zingine na bado uhesabiwe kutoka tarehe ya kwanza.

Alafu kupata si kumaliza. Kampuni ya hapa Kenya, Sanitam Services, ilipata hataza kupitia ARIPO, ile ofisi ya pamoja ya nchi za Afrika iko Harare, kwa bin ya choo ya kukanyaga na mguu, ile ya kutupa pedi. Wakapeleka kampuni ya Rentokil kortini, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa 2006. Baadaye ikawa vita ingine kabisa, sasa ni kuhusu ada za kila mwaka za hataza, kama zililipwa kwa wakati na kama hataza bado iko hai. Hataza inalipiwa kila mwaka. Ukikosa, inakufa, na kila mtu anaweza kutengeneza kitu yako. Kwa hivyo piga hesabu kabla uanze: utaweza kuilipia, na ukiporwa utaweza kwenda korti? Kama jibu ni zi, labda heri ukimbie soko haraka, ama uweke kenye kinaifanya iwe spesho kuwa siri.

Na si kila kitu kinafaa kufungwa. Lile jiko la makaa la udongo ndani na bati nje, lenye kila nyumba ya mtaa limepita, lilikuzwa hapa mwanzo wa miaka ya 1980 kutoka kwa jiko la Thailand. Halikufungwa na hataza. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji wakalichukua, kila mtu akalipinda kivyake, likaenea kote Kenya na likavuka mipaka. Watu wengi wamelisha familia na hilo jiko. Mimi naheshimu sana hiyo njia. Lakini iwe ni uamuzi wako. Kuamua kutoa ni heshima, na kuporwa juu hukujua ni kitu ingine.

Jina nalo ni mali, na hapa vijana wa luku, wale wanatengeneza hudi na kofia, wanajichanganya sana. Umesajili jina la biashara eCitizen, umepata cheti, umekiweka kwa ukuta. Poa. Hicho cheti hakikupei alama ya biashara. Mtu mwingine anaweza kwenda KIPI asajili hilo jina kama alama kwa nguo, alafu akutumie barua ya kukuambia uache. Alama inasajiliwa kwa madaraja: ziko 45, nguo na viatu na kofia ziko daraja la 25. Ukiomba, wanaitangaza kwa jarida, watu wanapewa siku 60 za kupinga, na ikipita inakuwa yako miaka 10, na unaweza kuiongeza kila miaka 10 bila mwisho. Kabla hata uchapishe tisheti ya kwanza, lipia utafutaji uone kama kuna mtu ashaichukua.

Na kumbuka alama inashika kwa nchi penye imesajiliwa. Ndio maana Disney iliweza kusajili "Hakuna Matata" Marekani 2003, kwa tisheti, na hapa Mombasa bado wasee wanauza zao ufuoni bila shida. 2018 watu zaidi ya laki moja walisaini ombi la kutaka Disney waiachilie, likiongozwa na mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala. Kabla ya hapo kulikuwa na maneno ya kikoi: kampuni moja ya Uingereza iliomba isajili "Kikoy" huko kwao, Wakenya na marafiki zao wakapinga hadi ikaachwa. Hiyo ingefinya wafumaji na wauzaji wetu kwa soko ya kule. Kenya imeshaweka sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, lakini sheria haisomi majarida ya London kwa niaba yako. Kikoi kiliokolewa na watu wenye walikuwa macho.

Wapigapicha, yenu ni fupi lakini iko na moto. Picha ya kujipigia ni yako, ya kuagizwa fuata maneno ya kifungu cha 31. Lakini hata ikiwa hakimiliki ni yako, sura ndani ya picha ni ya mwenyewe. Septemba 2023, kamishna wa kulinda data alitoza Casa Vera Lounge shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mtu alikuwa amekuja kujibamba, bila ruhusa yake. Klabu ikikuita upige picha za wikendi, ulizana na wao nani anachukua ruhusa za watu. Isiwe wewe umebeba msalaba wa mtu mwingine.

Na wale mko job. Kodi umeandika ukiwa umeandikwa kazi kama mhandisi wa programu ni ya mdosi, hiyo ni sehemu ya pili ya kile kifungu cha 31. Uvumbuzi umefanya kazini pia ni wa mdosi, isipokuwa mkataba umesema tofauti. Ila Sheria ya Mali ya Viwanda, kifungu cha 32, inasema uvumbuzi ukiwa wa maana isiyo ya kawaida, mfanyakazi ako na haki ya malipo ya haki juu ya mshahara. Sijawahi skia kijana wa tao akidai hiyo, na iko pale imeandikwa. Kama uko na mradi wa pembeni, usiufanye na laptop ya ofisi, wala saa za ofisi, wala na barua pepe ya ofisi. Na soma mkataba wako wa kazi leo jioni, kuna zenye zimeandika kuwa kila kitu utaunda ukiwa kwao ni chao hata ukikiunda Jumapili usiku.

Kusajili hakimiliki KECOBO si lazima, nimesema, lakini fanya, juu cheti kinakupa mahali pa kuanzia ukifika mbele ya jaji. Inafanyika mtandaoni. Kwa wachoraji, madizaina, maprodyuza na wapigapicha, kenye kinafaa kubadilika kesho asubuhi ni ujumbe mmoja, utumwe kabla ya kazi, na usiguse kazi hadi ujibiwe. Nimeuandika hapa kwa Kiswahili cha kueleweka na kila mtu. Chukua, weka majina yako, tuma:

"Habari. Asante kwa kunipa hii kazi ya (taja kazi). Bei ni (kiasi), nusu kabla ya kuanza na nusu kabla ya kupokea faili za mwisho. Hakimiliki ya kazi hii inabaki kwangu. Ukishalipa yote, una ruhusa ya kuitumia kwa (taja matumizi, mahali na muda). Matumizi mengine yoyote, au kuuza kazi hii kwa mtu mwingine, tutakubaliana upya kwa bei yake. Jina langu litaonekana mahali kazi itakapotumika. Ukitaka kununua hakimiliki yote, bei yake ni (kiasi), na itahama siku malipo yamekamilika na tumesaini sote wawili. Tafadhali jibu 'Nimekubali' ukiandika jina lako kamili, ndipo nianze."